Chokaa ya Bwana Afya

Kila asubuhi, kabla chai yangu haijachemka, alikuwa ameshapitisha kidole chini ya meza. Si juu ya meza. Juu, alikuwa akisema, hata mchafu hufuta. Aliinamisha mgongo wake mrefu, akapapasa kule chini wateja wanakobandika bigijii, kisha akakitoa kidole na kukiinua kwenye mwanga wa mlango. Mgahawa mzima uliacha kutafuna ukisubiri hukumu.

"Mtani," ananiambia, "hapa pana kipindupindu cha kutosha mtaa mzima na kingine kinabaki."

"Si ulikuja nacho wewe kutoka bara?" namjibu. "Sie kabla yenu tulikuwaga na mafua tu."

Hapo ndipo anapokaa, anatoa kijiko chake mwenyewe mfukoni, na siku yangu inaanza. Kabila lake na langu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikutukana amekuamkia. Mgeni angetusikia angedhani tunataka kushikana mashati. Kumbe ndivyo tulivyojuliana hali, miaka nenda miaka rudi, mimi nikiwa nyuma ya masufuria na yeye mbele yake.

Tulimwita Bwana Afya. Alikuwa mmoja wa wale maofisa wa manispaa waliopita nyumba hadi nyumba kukagua vyoo na mitungi ya maji, na ingawa alistaafu zamani, cheo kilimng'ang'ania kikawa jina. Mkewe naye alimwita hivyohivyo. "Mwambieni Bwana Afya chakula tayari," ungemsikia akiwaambia watoto wa jirani, na hakuna aliyecheka.

Sitaki kumsifu. Huku kwetu mtu akifa husifiwa mpaka hata waliomzaa wasingemtambua. Huyu alikuwa msumbufu. Hakumpa mtu mkono tangu mlipuko mmoja wa kipindupindu wa zamani sana; alikupa kiwiko. Kanisani, padri akisema waumini wapeane amani, yeye aligeuka kulia na kushoto akigawa viwiko, na padri alishachoka kumwonya. "Mkono," alisema, "ni mguu uliopandishwa cheo." Harusini alikwenda kwanza jikoni kufunua masufuria ndipo akawapongeza maharusi. Nimewahi kuona mama mzazi wa bwana harusi akimfukuza na mwiko.

Na pamoja na usafi wote huo alinusa ugoro. Alikuwa na kikopo kidogo, na leso moja ambayo mimi nisingeigusa hata kwa koleo. Alipiga chafya tatu nne mezani kwangu, mbele ya vitumbua. Nilipomsema, alikunja leso taratibu akasema huo ni uchafu wake binafsi, haujavuka mipaka. Nilimwambia mipaka ya nchi gani, maana vitumbua vyangu vyote vimeshapata baraka. Alicheka, akaagiza viwili.

Mama yangu alimchukia mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akiuza uji barabarani wakati wa mlipuko huohuo niliousema, na Bwana Afya akapita na Landrova ya manispaa, kipaza sauti mkononi, akitangaza: "Mficha maradhi, kifo humfichua! Ukiharisha, sema! Jirani akiharisha, sema!" Hilo lilikuwa neno lake la kazi, alilisema mpaka watoto wakalifanya wimbo wa kurukia kamba. Alipofika kwa mama alishuka, akatazama ndoo ya maji, akainyanyua sufuria nzima ya uji na kuumwaga mtaroni mbele ya wateja. Mama alilia kwa hasira. Jioni ileile mke wa Bwana Afya alikuja na unga na sukari kwenye kikapu, akaviweka mlangoni, akanong'ona kwamba katumwa na mumewe ila tusimwambie kuwa katuambia. Mama alisonya. Kisha alipika ule unga, tukala, na kesho yake akaendelea kumlaani.

Kitu kimoja tu ndicho kilichonishinda kwake, nacho ni imani yake kwa serikali. Maji yakikatika mwezi mzima, yeye alisema, "Serikali haisahau, inachelewa tu." Taa za barabarani zikizimika, inachelewa tu. Pensheni yake ilipokwama, na nikawa namkopesha chai, aliikoroga kwa kijiko chake cha mfukoni akasema inachelewa tu. Nilimwambia hata mauti nayo huchelewa tu. Hakuupenda utani ule. Mambo ya serikali hakuyafanyia utani.

Sasa niziseme zile nyumba. Ng'ambo ya barabara, mbele ya mgahawa wangu, ziko kota za manispaa, safu mbili za nyumba za matofali zenye vigae vyekundu juu, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wake. Waliostaafu waliruhusiwa kubaki kama wapangaji. Ya kwanza kabisa, iliyo karibu na barabara, ilikuwa ya Bwana Afya. Ilikuwa na baraza pana ya saruji nyekundu ambayo mkewe aliipiga deki mara mbili kwa siku, na mlango mpana wa mbao mbili. Kwa huku kwetu, ambako tunaishi tumebanana mpaka unasikia jirani akigeuka kitandani, baraza ile ilikuwa mali.

Wakaambiwa wahame. Si kufukuzwa, hapana. Wapishe kwa muda, nyumba zimechakaa, zifanyiwe ukarabati, kisha warudi. Wapangaji wengine walinuna. Bwana Afya ndiye aliyewapooza, alipita mlango kwa mlango kama enzi zake za ukaguzi, akisema serikali ikitaka kukutengenezea nyumba huikatalii. Akawa wa kwanza kutoa vyombo. Siku ya kuhama yeye na mkewe waliosha sakafu yote, wakasugua mpaka choo, ndipo akafunga mlango na kukabidhi ufunguo. Nilimuuliza kama ana wazimu, nyumba inakwenda kuvunjwavunjwa na mafundi. "Chombo cha watu hurudishwa kisafi," alinijibu.

Wenzake walitawanyika, wengine Mbagala, wengine Kimara kwa ndugu. Binti yake mwenyewe aliishi Kimara na alimng'ang'ania aende akakae naye. Alikataa. "Nikienda Kimara watasema nimeiacha," alisema, akapanga chumba kimoja kwenye nyumba iliyo nyuma ya mgahawa wangu, ndani kabisa, mwisho wa ujia mwembamba. Alikichagua kwa sababu dirisha lake, kupitia uwazi kati ya ukuta wangu na wa jirani, lilitazama baraza yake.

Mafundi hawakuja. Tuliambiwa fungu halijatoka. Miaka ikapita, watoto waliokuwa wakibebwa mgongoni wakaanza shule, na fungu bado lilikuwa njiani. Wezi ndio waliofika. Waling'oa nyaya, wakang'oa mabomba, wakang'oa mpaka masinki. Popo wakahamia darini. Nyufa zikafunguka ukutani, na nyumba ya Bwana Afya ilikuwa na ufa mmoja uliotoka dirishani mpaka kwenye msingi. Watu walipanga vyumba kwa bei za kuumiza huku kota nzima imekaa tupu mbele ya macho yetu, na kufuli mlangoni.

Kisha mkewe alifariki, mle chumbani.

Kuna mambo ambayo aliyekaa kwenye nyumba yake hawezi kuyajua. Mpangaji akifiwa, anaanza kuomba. Bwana Afya alimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuweka msiba, na mwenye nyumba, ambaye si mtu mbaya, alisema uani hapatoshi, wapangaji wengine wanapika pale na wanafua pale. Akamwendea Mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye aliyeshika funguo za kota. Alimwomba ufunguo wa nyumba yake kwa siku za matanga tu. Watu wakae barazani, mama wa watu atolewe kwake.

"Mzee wangu, pole sana," Mtendaji alimwambia, nami nilikuwepo. "Ila zile nyumba hazina kibali cha kukaliwa. Likitokea la kutokea, nitajibu nini?"

Basi tulifunga turubai barabarani. Wanawake walikaa kwenye sakafu ya mgahawa wangu, wanaume kwenye viti vya kukodi njiani, na kila bodaboda ikipita wafiwa walikunja miguu. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika lilikuwa jeneza. Ujia wa nyumba ile una kona, na jeneza halikupinda. Vijana walijaribu hivi, wakajaribu vile, mwishowe wakalisimamisha wima, kama watu wanaohamisha kabati, wakalizungusha ndipo likapita. Tulisikia mwili ukishuka ndani. Bwana Afya alikuwa nyuma ya jeneza, amelishika kwa mikono miwili, yeye asiyegusa mtu.

Siku ya kuanua tanga alikuja mgahawani. Hakupitisha kidole mezani. Alitazama ng'ambo, kwenye baraza yake tupu.

"Mtani, mie nikifa nitolewe pale," alisema. "Mlango ule ni mpana. Nataka nitoke nimelala."

Nilimwambia asinitie mkosi asubuhi yote. Lakini nilimwelewa, na kuanzia siku ile sikumsikia akitaka kitu kingine hapa duniani. Chakula chochote alikula, nguo yoyote alivaa. Alitaka arudishiwe nyumba yake kabla ya kufa.

Kwa hiyo Mtendaji alipotangaza kwenye mkutano wa mtaa kwamba serikali sasa imetenga fungu la kukarabati nyumba za manispaa zilizokaa tupu, na wataalamu watapita kuzikagua kwanza ili wajue za kuanza nazo, Bwana Afya alisimama akapiga makofi peke yake. "Niliwaambia!" alisema, akitugeukia mmoja mmoja. "Niliwaambia serikali haisahau!" Kisha akasema maneno ambayo yangestahili kuandikwa kwenye kaburi la mtaa wetu: "Wageni wanakuja. Tujiandae."

Msomaji wa huku anajua maana yake. Akija mkubwa, mawe ya kando ya barabara hupakwa chokaa. Hospitali hupata mashuka asubuhi na kuyapoteza jioni. Shule huazima madawati kwa shule ya jirani. Hatuulizi mgeni anakuja kuona nini, tunafagia. Tumelelewa hivyo, na aliyetulea kwa mtaa wetu alikuwa huyuhuyu Bwana Afya.

Alimwendea Mtendaji kuomba funguo akasafishe. Funguo zilezile alizonyimwa kwa ajili ya kumuaga mkewe, safari hii alipewa hata hajamaliza sentensi, kwani Mtendaji naye hakutaka kuaibika mbele ya wakubwa zake. Nikikumbuka hilo, damu inachemka mpaka leo.

Siku zile zilikuwa kama sikukuu. Wapangaji wa zamani walirudi kutoka Mbagala na Kimara na mafagio yao. Tulichota mavi ya popo kwa ndoo. Tulikwangua njia za mchwa. Dari zilizoning'inia tulizisukuma juu kwa miti na kuzipigilia misumari. Kwenye madirisha yasiyo na vioo tulitundika mapazia yangu ya mgahawani. Bwana Afya alikunja suruali yake ya kaki mpaka magotini, brashi ya katani mkononi, chokaa mpaka kwenye nyusi, na alikuwa akiimba nyimbo za kanisani. Sijapata kumwona na furaha kiasi kile. Nilimkuta anaziba ule ufa mkubwa kwa saruji.

"Huu ufa mkono unaingia," nikamwambia.

"Ndiyo maana nauziba. Mgeni haonyeshwi kidonda."

Aliulainisha, akaupaka chokaa mara tatu, na ulipokauka hata mimi niliyejua ulipo sikuuona.

Wataalamu wakaja, wakiongozwa na mhandisi, binti mpole mwenye kofia ngumu ya njano. Nilikuwa nimewapikia pilau. Walipita nyumba baada ya nyumba, wakipiga picha kwa simu. Binti alisimama sebuleni kwa Bwana Afya, akazitazama kuta nyeupe, akatazama maua tuliyopanda kwenye makopo ya rangi barazani. Akamuuliza kwa heshima zote, "Mzee wangu, shikamoo. Kuna tatizo lolote kubwa hapa ambalo tusiondoke bila kulijua?"

Tulikuwa watu wengi mlangoni. Kila mmoja wetu aliujua ule ufa, aliijua dari, alijua ukutani hakuna waya hata mmoja. Bwana Afya alivuta mikono nyuma, akasimama kama askari.

"Hakuna tatizo, mama. Tunashukuru serikali."

"Tunashukuru," tukaitikia sote.

"Hongereni," binti alisema, na nadhani alisema kwa moyo. "Mmezitunza sana." Tukapiga makofi. Wakala pilau, wakaomba na ukoko, wakaondoka. Bwana Afya aliwasindikiza mpaka kwenye gari na akawapa wote kiwiko.

Majibu yaliletwa na Mtendaji kwenye mkutano mwingine, baada ya Mtendaji mwenyewe kukwepa mgahawa wangu kwa muda mrefu. Fungu lilikuwa limekwenda kwenye kota za upande mwingine wa jiji, ambako watu hawakusafisha kitu na wageni walikutana na nyoka sebuleni.

"Wataalamu wametazama hali halisi," alisema. "Zetu zimeonekana ni nzima."

Bwana Afya hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Alinyoosha mkono akasimama, na usoni alikuwa na nuru ya mtu aliyepata njia fupi zaidi. "Kama ni nzima, ni jambo jema," alisema. "Basi tupeni funguo turudi."

"Haiwezekani, mzee. Zilitolewa kwenye matumizi kwa ajili ya ukarabati. Haziwezi kukaliwa mpaka zikarabatiwe."

"Basi zikarabatini."

"Hazijakidhi vigezo, mzee wangu. Ni nzima."

Alibaki amesimama. Aligeuka kututazama, kisha akamgeukia tena Mtendaji, kama anayengoja mtu amtafsirie. "Sasa, kijana wangu," alisema taratibu, "nyumba ambayo si mbovu ya kutengenezwa na si nzima ya kukaliwa, inaitwaje?"

Mtendaji alisema hoja imepokelewa. Mtu mmoja nyuma akacheka, na Bwana Afya akakaa.

Nimelifikiria sana jambo lile na bado halijanitoka kooni. Najua mtu atasema kosa ni letu, na Waswahili walishasema mficha uchi hazai. Ni kweli, tulificha. Lakini nani alitufundisha kwamba mkubwa akija asione shida? Tangu shule ya msingi tulifagia uwanja ili bwana mkaguzi asione vumbi. Leo wanakuja wakubwa walewale na kutuambia vumbi ndilo lililotakiwa. Na yule binti alikuwa na kofia ngumu. Alishindwa nini kugonga ukuta? Mimi nikinunua nazi naigonga.

Siku ya pili yake nilimrushia neno lake mwenyewe, kwa hasira, lakini kwa njia ya utani. "Mficha maradhi, kifo humfichua. Si ulikuwa ukituimbia na Landrova?" Aliweka kijiko chini. Hakunitukana. Alinywa chai yake mpaka ikaisha, ndipo akasema, "Fungu lingine litakuja. Safari hii wataona."

Wiki hiyo alikuja baada ya chakula cha mchana, akasimama karibu na beseni ninalooshea vyombo. Maji yalikuwa mazito kwa mafuta ya samaki. Alisema, bila kunitazama, "Lete yale maji ng'ambo. Ukayamwage ukutani kwangu."

Nilidhani anatania, nikamtazama, nikaona hatanii. Nilibeba beseni, tukavuka barabara. Nikauliza wapi, akaonyesha kwa kidevu ule ukuta mweupe kando ya mlango, juu ya ufa alioupaka mara tatu. Nikamwaga. Maji yalishuka na magamba na punje za wali. Yeye alikuwa amenipa mgongo.

Asubuhi nilipofungua mgahawa nilimwona yuko pale na ndoo na brashi, anasugua.

"Nimeshindwa, mtani," alisema. "Inzi wangekuja mpaka kwako."

Alijaribu tena. Aliwaambia watu wa mtaa wazi kabisa kwamba taka zao wazitupe uani kwake. Hakuna aliyethubutu; walicheka wakasema mzee anawatega, leo utatupa ganda la muhogo kesho utaitwa ofisini. Alilazimika kwenda mlango kwa mlango, kama zamani, mzee wa miaka ile na fimbo yake, kuwaomba watu wawe wachafu. Wengine waliona haya kwa niaba yake. Mwishowe wakaanza, na mtaa ukishaanza kutupa hauna breki. Uani kwake pakawa jalala. Kwa mti mrefu yeye mwenyewe alisukuma vigae vya upande wa nyuma mpaka vikaanguka, masika ikaingia ndani, chokaa ikashuka na mvua, dari ikafuata, ufa ukafunguka kuliko mwanzo. Siku mgambo walipokuja kuuliza nani kageuza mali ya manispaa kuwa jalala, mtaa mzima ulisema haujui. Yeye alikuwa amekaa mezani kwangu, anakoroga chai kwa kijiko chake.

Akaweka pazia dirishani kwake. Dirisha alilolichagua kwa ajili ya kuitazama nyumba yake alilifunika kwa kanga ya marehemu mkewe, mchana na usiku, ili asiione.

Fungu jipya lilikuwa likitajwatajwa kila mkutano. Mtendaji alihamishwa, akaja mwingine, naye akalitaja. Bwana Afya miguu ikavimba, akaacha kuja mgahawani. Hapo nikawa mimi ndiye ninayempelekea chai, kupitia ule ujia wenye kona, asubuhi na alasiri. Binti yake alikuja kutoka Kimara kumchukua. Mzee alimwambia asubiri kidogo, wakaguzi wako njiani.

Mara ya mwisho tuliyozungumza ilikuwa alasiri ya mvua za vuli. Nilikuwa nimekata njia kupita uani kwenye kota, kwa sababu barabara ilijaa maji, na nikaingia ndani mwake kujikinga kidogo. Mpapai ulikuwa umeota sebuleni na kutokeza juu mahali pa paa. Panya walinitazama wala hawakukimbia. Mvua ilipopungua nikaenda kwake na birika. Nilimkuta kitandani, amelala chali, amekonda, shuka limenyooshwa bila kunjo.

"Mtani," aliniuliza, "imeoza?"

Nilitaka kulia. Lakini mtani haruhusiwi kulia kwanza.

"Imeoza kukushinda wewe," nikamwambia.

Alicheka mpaka kifua kikambana, nikamnyanyua akanywa maji. "Vizuri," alisema alipopata pumzi. "Vizuri sana. Safari hii hawana la kusema. Watatupa."

"Watatupa."

Akanitazama miguuni. Macho yalikuwa yaleyale ya chini ya meza. "Umepita humo ndani?"

"Nimepita."

"Na miguu hiyohiyo umeingia kwangu?" alisema. "Toka. Kanawe."

Nilitoka nikanawa kwenye ndoo ya mlangoni, kwa sabuni, mpaka kati ya vidole, huku nikilia sasa kwa kuwa hakuniona. Niliporudi alikuwa amesinzia, nikamwachia chai mezani, nimeifunika.

Wakaguzi hawajaja mpaka leo. Tulimtoa kabla mvua zile hazijakatika. Ng'ambo ya barabara mlango wake mpana ulikuwa na kufuli lake, na uani kwenye kota, wakubwa hawajui tumetupa nini. Vijana walifika kwenye kona ya ujia, wakajaribu hivi, wakajaribu vile, kisha wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtani. Nikawaambia wamsimamishe.